Miguu inayowaka moto na miguu isiyosema kitu

Mwaka 2005 jarida la Diabetic Medicine lilichapisha taarifa ya madaktari wa Dar es Salaam kuhusu wagonjwa wa kisukari waliopata vidonda vya miguu baada ya kung'atwa na panya. Waling'atwa usiku, wamelala. Sote tumekua tukisikia kwamba panya huuma huku akipuliza, na ndiyo maana mtu haamki. Lakini mwenye miguu mizima akiumwa kwelikweli huamka, apuliziwe asipuliziwe. Asiyeamka ni yule ambaye neva za miguu yake, yaani mishipa ya fahamu, zimekufa.

Mtu huyohuyo, ukimuuliza wiki moja kabla ya kung'atwa, huenda angekuambia shida yake kubwa ni miguu kuwaka moto usiku, kiasi kwamba hata shuka likimgusa anaumia. Hapa ndipo ugonjwa huu wa neva unapowachanganya wengi. Mguu uleule unauma kupita kiasi, na papo hapo hauhisi. Yale maumivu humpeleka mtu duka la dawa. Ganzi haimpeleki popote, maana haimsumbui. Na katika hospitali zetu miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari hukatwa zaidi kwa ajili ya ganzi kuliko kwa ajili ya maumivu. Anayetaka kuishi vizuri na ugonjwa huu ana kazi mbili tofauti, na ile inayosahaulika ndiyo nzito.

Tuanze na kwa nini ni miguu. Neva inayohudumia kidole gumba cha mguu ina chanzo chake karibu na uti wa mgongo, kiunoni, kisha uzi wake unateremka takriban mita moja kwa mtu mzima hadi ukuchani. Karibu kila kinachohitajika kuutunza uzi huo hutengenezwa juu na kusafirishwa chini. Sukari ikikaa juu kwa miaka, kazi hiyo huharibika, na vile vimishipa vidogo vya damu vinavyoilisha neva njiani navyo hudhoofika. Ncha ya mbali ndiyo inayokosa kwanza. Ndiyo sababu dalili huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili, hupanda polepole kwenye nyayo na vifundo, na zikikaribia magoti ndipo vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi. Madaktari huuita mpangilio wa soksi na glavu. Ganzi ya mguu mmoja tu, au inayoteremka kutoka kiunoni upande mmoja, mara nyingi ina habari nyingine, kwa mfano pingili ya mgongo inayobana neva, na haifai kuchanganywa na hii tunayoizungumzia.

Ndani ya neva kuna nyuzi nyembamba na nyuzi nene. Nyembamba hubeba maumivu, joto na baridi. Nene hubeba mguso, mtetemo na habari ya mahali kiungo kilipo, ile inayokuwezesha kupanda ngazi gizani bila kuangalia miguu. Nyuzi nyembamba zikijeruhiwa hazinyamazi tu. Baadhi huanza kurusha ishara zenyewe bila kuguswa na kitu, na ubongo huzisoma kama moto, sindano, shoti ya umeme au wadudu wanaotambaa chini ya ngozi. Waya wa umeme ulioliwa na panya unaweza kurusha cheche na bado taa isiwake. Nyuzi nene zikifa, mtu husema anatembea juu ya sponji, na akifumba macho wakati wa kunawa uso anayumba. Wengi wana mchanganyiko wa vyote viwili. Lakini kwa wenye kisukari, hadi nusu ya walioharibika neva hawana dalili yoyote wanayoihisi. Hao ndio wa kuogopewa zaidi, kwa sababu hawana la kumwambia daktari.

Jambo dogo kuhusu vipimo, kwa kuwa vinagharimu. Kipimo cha kupitisha umeme kwenye neva hupima nyuzi nene. Mtu mwenye uharibifu wa nyuzi nyembamba anaweza kulipia kipimo hicho, akaambiwa neva ziko salama, akarudi nyumbani na miguu inayowaka vilevile na kuanza kudhani amelogwa au anajidekeza. Majibu hayo si ya uongo. Hayakujibu swali lake, basi. Kwa kinga ya miguu, vifaa vinavyotosha ni rahisi mno: uzi wa nailoni wa gramu 10 unaobonyezwa kwenye nyayo huku mgonjwa amefumba macho, chuma cha kupimia mtetemo, na macho ya mhudumu aliye tayari kumvua mgonjwa viatu. Mwenye kisukari anastahili kufanyiwa hivi angalau mara moja kwa mwaka. Kliniki nyingi zina foleni ndefu, na viatu havivuliwi. Vua mwenyewe kabla hujaitwa.

Kabla ya kutafuta dawa ya kutuliza, sababu itafutwe, maana kuna sababu zinazotibika na nyingine zinazidishwa kila siku na kitu mgonjwa anachokimeza mwenyewe. Kisukari kinaongoza, lakini kina kasoro moja: kikishajulikana, hubebeshwa lawama ya kila ganzi. Metfomini, dawa ya kwanza ya wengi wenye kisukari cha aina ya pili, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, hasa kwa dozi kubwa na miaka mingi. Upungufu wa B12 huua neva kwa namna inayofanana kabisa na kisukari. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kupima B12 kwa wagonjwa wa metfomini wenye dalili hizo. Mtu aliyetumia metfomini kwa miaka saba na miguu yake inazidi kufa ganzi ilhali sukari yake iko sawa ana haki ya kuuliza kuhusu B12. Kipimo kikikosekana, daktari anaweza kuamua kumpa sindano za B12 tu, ambazo ni nafuu na madhara yake ni madogo. Metfomini yenyewe isiachwe kwa sababu hiyo.

Dawa za kifua kikuu ni habari nyingine ya karibu. Isoniazidi huingilia matumizi ya vitamini B6 mwilini, na bila kinga inaweza kuchoma neva za miguu, hasa kwa mjamzito, mwenye VVU, mwenye kisukari, mlevi na aliyedhoofika kwa njaa. Kinga yake ni kidonge kidogo cha piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Wapo wanaokiacha kwa kuwa kinaonekana ni vitamini tu, wakaendelea na vile vingine vyekundu vinavyotia hofu. Hicho "vitamini tu" ndicho kinacholinda miguu.

Waliokuwa kwenye dawa za VVU miaka ya mwanzo ya 2000 wanaikumbuka stavudini. Iliokoa maisha ya wengi Afrika Mashariki na iliwachoma wengi miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziiondoe polepole, na leo haipo tena katika dozi ya kawaida, ila miguu ya baadhi ya watu waliopona wakati ule bado inawaka. Virusi vyenyewe navyo huharibu neva visipodhibitiwa. Pombe, iwe ya chupa au gongo na chang'aa, huua neva kwa sumu yake na kwa kumnyima mtu mlo. Hapo hakuna kidonge kitakachosaidia huku glasi ikiendelea kujazwa. Figo, tezi ya shingo na baadhi ya dawa za saratani zimo pia kwenye orodha. Na ukoma, ambao watu wa mjini wanadhani umeisha, bado upo: baka kwenye ngozi lisilohisi mguso linahitaji zahanati, ambako dawa yake hutolewa bure.

Sababu ikipatikana na kuondolewa, subira inahitajika. Neva inayoota upya husonga kama milimita moja kwa siku mambo yakienda vizuri. Piga hesabu ya mita nzima utaelewa kwa nini mtu anayesema "nimetumia mwezi mzima sijaona kitu" anailaumu dawa bure.

Kwa kisukari, kushusha sukari ndiyo tiba pekee inayogusa mzizi, ingawa haitoi matokeo sawa kwa wote. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 1993, unaojulikana kwa kifupi chake DCCT, ulionyesha kwamba kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza udhibiti mkali ulipunguza uharibifu wa neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi, kwa kuwa presha, mafuta ya damu, uzito na sigara navyo vina mkono wao. Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi mapema, nalo huwafanya waikimbie insulini. Sukari iliyokuwa juu kwa miaka ikishushwa kwa kasi kubwa ndani ya wiki chache, miguu inaweza kulipuka kwa maumivu makali kuliko mwanzo. Hali hii ilielezwa tangu mwaka 1933 kwa mgonjwa aliyeanzishiwa insulini. Mtu akikutana nayo bila kuonywa ataapa kwamba insulini ndiyo iliyomharibu miguu, na mtaa mzima utamwamini. Ukweli ni kwamba maumivu hayo kwa kawaida hupungua yenyewe kwa miezi, na suluhisho ni kushusha polepole kwa mpango wa daktari. Kuacha insulini si suluhisho.

Sasa dawa za maumivu. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki zimetengenezwa kwa maumivu ya jeraha, jino, kiungo kilichovimba. Hapa hakuna uvimbe. Kuna neva inayorusha ishara za uongo. Ndiyo maana mtu hupigwa sindano ya diklofenaki leo na wiki ijayo, anapata nafuu ya saa chache au hapati, na figo ambazo tayari zinasumbuliwa na kisukari zinazidi kuumia. Ningependa kuona diklofenaki ikiondolewa kabisa kwenye mazungumzo ya miguu inayowaka moto.

Zinazofanya kazi ni za familia nyingine kabisa, na jina la familia hiyo ndilo linalowatisha watu. Amitriptilini ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Gabapentini na pregabalini zilianzia kwenye kifafa. Duloksetini nayo ni ya sonona. Bibi anarudi kutoka kliniki na vidonge vyake, mjukuu anasoma karatasi ya ndani: "Bibi, mbona hapa wameandika ni dawa ya msongo wa mawazo?" Jioni hiyo bibi anavitupa, kwa hasira ya haki kabisa, kwa sababu hakuna aliyemweleza. Maelezo yenyewe ni mafupi. Dawa hizi hutuliza neva zinazopayuka, popote zilipo, na hiyo ndiyo kazi zinayopewa hapa. Dozi ya amitriptilini kwa maumivu huanza miligramu 10 au 25 usiku na kupandishwa polepole, mara nyingi bila kuvuka 75, ilhali kwa sonona huhitajika zaidi. Kuandikiwa dawa hii hakumaanishi daktari amekuona una matatizo ya akili.

Amitriptilini ni ya bei nafuu, inapatikana hadi vituo vya afya vya wilayani, na kwa ushahidi uliopo haizidiwi na zile za gharama. Mwaka 2022 jarida la The Lancet lilichapisha jaribio la Uingereza lililowapitisha wagonjwa wa kisukari wenye maumivu ya neva kwenye njia tatu: kuanza na amitriptilini, kuanza na duloksetini, au kuanza na pregabalini, kisha kuongezewa dawa ya pili kama ya kwanza haikutosha. Njia zote tatu ziliishia pamoja. Maumivu yaliyokuwa wastani wa 6.6 katika kipimo cha 0 hadi 10 yalishuka hadi 3.3, na waliohitaji dawa mbili walipata nafuu zaidi kwa mbili. Matokeo hayo yanapaswa kumpa moyo yeyote ambaye duka la dawa limemwambia bila pregabalini ya bei kali hatapona. Lakini tazama pia namba yenyewe. Nusu. Haikuwa sifuri. Daktari mkweli husema tangu siku ya kwanza kwamba lengo ni kupunguza maumivu kwa thuluthi hadi nusu, mtu alale, afanye kazi zake. Anayeahidiwa kupona kabisa huhama dawa kila wiki mbili hadi atakapoishia kwa muuza mitishamba anayeahidi kuzibua mishipa.

Dawa hizi hazifanyi kazi siku ya kwanza. Madhara hutangulia, nafuu hufuata baada ya wiki mbili hadi nne, na wengi huacha katikati ya hayo mawili. Amitriptilini huleta usingizi, kinywa kikavu na choo kigumu. Imezwe saa moja au mbili kabla ya kulala ili asubuhi mtu asiamke na kichwa kizito. Mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho aseme kabla hajaandikiwa. Gabapentini na pregabalini huleta kizunguzungu na wakati mwingine miguu kuvimba, dozi yake lazima ipunguzwe kwa mwenye figo dhaifu, na kuzichanganya na pombe au tramadoli, dawa kali ya maumivu, kunaweza kudhoofisha upumuaji. Hakuna kati ya hizi inayofaa kuachwa ghafla. Karbamazepini, ambayo bado huandikwa sana kwetu kwa kuwa ipo kabatini, ina nafasi yake kwenye maumivu ya neva ya uso, ila kwa miguu ushahidi wake ni hafifu. Tena inashusha kiwango cha dolutegraviri, iliyomo kwenye dawa za VVU za siku hizi. Anayetumia dawa hizo amwambie anayemwandikia karbamazepini, hata kama hakuulizwa.

Kuna pia dawa ya kupaka inayotokana na pilipili. Krimu ya kapsaisini ya asilimia 0.075 hupakwa mara tatu au nne kwa siku, huwasha vikali siku za mwanzo, kisha nyuzi za maumivu huchoka kupiga kelele. Isipakwe penye kidonda. Na si ruhusa ya kusaga pilipili kichaa jikoni na kujipaka: hujui ukali wake, na ngozi iliyokufa ganzi haitakuambia ikiungua.

Kwa usiku wenyewe yapo mambo madogo yanayosaidia bila kidonge. Boksi gumu lililokatwa pande mbili na kuwekwa miguuni chini ya shuka huzuia kitambaa kugusa vidole. Soksi laini za pamba zisizobana huwafaa baadhi. Kutembea nusu saa jioni, kwa mwenye nyayo zisizo na kidonda, husaidia sukari, usingizi na mizani ya mwili kwa pamoja. Feni ikielekezwa miguuni ni sawa. Beseni la maji ya barafu si sawa, kwa sababu baridi kali nayo huua ngozi isiyohisi.

Vitamini zinahitaji neno lao, kwa kuwa ndizo zinazouzwa zaidi. Vidonge na sindano zenye B1, B6 na B12 kwa pamoja vimekuwa jibu la kila ganzi kutoka Mombasa hadi Kigoma. Kwa mwenye upungufu ni tiba halisi. Kwa asiye na upungufu hakuna ushahidi mzuri kwamba vinamsaidia, na B6 ikizidi inageuka sumu ya neva zilezile. Hili lilionekana wazi mwaka 1983, madaktari wa Marekani walipoeleza watu saba waliopoteza hisia za miguu na mikono kwa kumeza gramu kadhaa za B6 kila siku. Baadaye ilionekana kwamba hata dozi ndogo kuliko hizo, zikitumiwa kwa muda mrefu, zinaweza kudhuru, na mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu cha kila siku kwa mtu mzima hadi miligramu 12. Sasa geuza boksi la vidonge usome. Baadhi vina miligramu 200 za B6 katika kidonge kimoja, na kuna watu wanaomeza vitatu kwa siku mwaka wa tatu huu, ganzi ikizidi wanaongeza. Kozi fupi yenye sababu inayojulikana ni jambo la kawaida. Kumeza bila mwisho ni jambo la kuuliza.

Hadi hapa tumeshughulika na mguu unaolalamika. Tuje kwa ule ulionyamaza.

Daktari wa upasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na kufanya kazi hukohuko, mjini Vellore, tangu mwaka 1946, alitumia miaka mingi kuwatazama wagonjwa wa ukoma. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma unakula vidole. Brand alionyesha kwamba vidole vinapotea kwa majeraha ya kawaida ya kila siku ambayo mtu hayahisi: sufuria la moto, msumari wa kiatu, hatua elfu moja juu ya kijiwe kilekile. Somo hilo lilihamia baadaye kwenye miguu ya kisukari, na ndiyo msingi wa kliniki za miguu duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Step by Step ulilileta Tanzania, ukiwafundisha daktari na muuguzi wa kituo kimoja kwa jozi, ili mmoja akihamishwa ujuzi ubaki. Nguvu yake ilikuwa kwenye mambo ya kawaida kabisa: kuosha, kukagua, kuvaa viatu, kuwahi.

Kukagua kuna wakati wake wa asili. Mwislamu anayetawadha mara tano kwa siku ana nafasi tano za kuzitazama nyayo zake, kupitisha vidole kati ya vidole, na kukausha. Asiyetawadha aifanye kila jioni. Kioo kidogo chini ya mguu kinamfaa asiyeweza kuinama, na mwenye macho hafifu amwombe mtoto wa nyumbani amtazamie. Kinachotafutwa ni malengelenge, ufa kwenye kisigino, wekundu, ukucha unaochimba, unyevu wenye harufu kati ya vidole, na sugu. Sugu si jambo la urembo. Ni alama ya mahali mguu unapobeba uzito kupita kiasi, na chini yake mara nyingi kidonda kimeshaanza. Isuguliwe taratibu na jiwe la miguu. Wembe hapana, wala zile dawa za kuyeyusha sugu. Mafuta yapakwe kwenye nyayo na visigino, si kati ya vidole.

Moto ndio adui anayewapata wengi zaidi, kwa sababu tunaupenda. Miguu ikifa ganzi mtu huambiwa aikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Anayapima kwa mguu uleule usiohisi, na ngozi inatoka kama ya muhogo uliochemshwa. Maji yapimwe kwa kiwiko, au na mtu mwingine, na yawe ya uvuguvugu. Makete au Limuru, ambako baridi haina mchezo, watu huota moto kwa kusogeza miguu kwenye jiko la mkaa. Vaa soksi badala yake. Anayepanda bodaboda achunge ekzosi isimguse muundi wa mguu. Na wanaojiandaa kwa hija wajue kwamba mahujaji wenye kisukari wamekuwa wakiungua nyayo kwa kutembea pekupeku juu ya sakafu na lami iliyopigwa na jua. Soksi nene na viatu vya kubeba mkononi hadi mlangoni si anasa.

Kiatu ni dawa, lakini kiwe kiatu sahihi. Kandambili husugua kati ya vidole na kuacha kisigino wazi. Kiatu kilichochongoka hubana. Kuna jaribio lisilo na gharama: simama juu ya karatasi, chora umbo la mguu wako, likate, kisha liingize ndani ya kiatu unachotaka kununua. Karatasi ikikunjika pembeni, kiatu kirudi kwenye rundo la mitumba. Nunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na kiatu kipya kivaliwe saa moja au mbili kwa siku mwanzoni. Kila asubuhi kikung'utwe na kupapaswa ndani kwa mkono. Ndani ya nyumba pia usitembee pekupeku. Kuhusu wale panya: osha miguu kabla ya kulala isibaki na harufu ya chakula, na chandarua kichomekwe chini ya godoro pande zote, kazi moja kwa mbu na panya.

Neva zinazoharibika si za miguu peke yake. Zile zinazoendesha moyo, tumbo, kibofu na jasho zinaweza kuguswa pia: kizunguzungu ukisimama ghafla, tumbo kujaa muda mrefu baada ya kula, nguvu za kiume kupungua, ngozi ya miguu kukauka. Watu hutibu kila moja kivyake, hili kwa dawa ya vidonda vya tumbo, lile kwa mzizi wa kunong'onezwa, wakati yote yangepaswa kutajwa katika mazungumzo mamoja na daktari. Na kwa anayeyumba usiku akielekea choo cha nje, tochi na fimbo humsaidia kuliko dawa yoyote niliyoitaja hapo juu.

Yapo mambo ambayo hayasubiri kliniki ya mwezi ujao. Ganzi na udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, siyo miaka, hasa kama mtu ameanza kushindwa kuinuka au kupumua vizuri, ni dharura ya hospitali kubwa siku hiyohiyo. Kushindwa kuzuia mkojo au choo pamoja na ganzi ya makalioni ni hivyohivyo. Kidonda chenye harufu, wekundu unaoenea au homa kisitibiwe kwa asali na subira.

Na kuna moja ambalo hata wahudumu hulikosea. Mwenye kisukari na ganzi ya miguu akiona mguu mmoja umevimba, umekuwa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, bila kidonda na bila maumivu ya kueleweka, mara nyingi huambiwa ni maambukizi, ni gauti, au amejikwaa. Huenda mifupa ya mguu inavunjika na kulegea taratibu ndani kwa ndani, hali iliyopewa jina la Charcot, daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1868. Kwa kuwa hauumi, mwenyewe anaendelea kuukanyaga, na kila hatua inauponda unyayo hadi ubenuke kama chini ya mtumbwi. Eksirei ya mwanzo inaweza kutoka safi. Hata ikitoka safi, mguu huo usikanyagwe. Ufungwe plasta ngumu na mgonjwa atumie magongo, kwa wiki nyingi au miezi, hadi joto lake lilingane na la mguu wa pili na daktari aseme sasa unaweza kubeba uzito.